Saa ya Mwisho ya Kidonge cha Presha

Ukimeza kidonge cha presha saa 1 asubuhi, ukafika kliniki saa 4, ukapimwa na kuambiwa 128 kwa 82, umepata habari njema, lakini ni habari ya saa hiyo tu. Dawa nyingi za presha hupata nguvu saa chache baada ya kumezwa, na kliniki zetu hupima watu asubuhi, kwa hiyo wagonjwa wengi hupimwa wakati dawa imepamba moto. Kinachotokea saa 10 alfajiri inayofuata, kidonge cha jana kikiwa kimepungua nguvu na cha leo hakijamezwa, hakiandikwi kwenye daftari la kliniki. Mwongozo huu unasimama juu ya hoja moja: dawa ya presha ihukumiwe kwa saa yake ya mwisho, si kwa saa yake nzuri. Ukiishika hoja hiyo, maswali ya kila siku, kama vile umeze asubuhi au usiku, ufanye nini ukisahau, na kwa nini namba ya jioni haifanani na ya asubuhi, yanakuwa mepesi zaidi kuyajibu.

Tuanze na presha yenyewe, kwa sababu haitulii mahali pamoja. Hupanda ukipanda ngazi, ukibishana, ukibanwa na mkojo, na hushuka ukipumzika. Juu ya kupanda na kushuka huko kuna mzunguko mkubwa wa saa 24. Kwa mtu mwenye mishipa yenye afya, presha hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 anapolala usiku, kisha huanza kupanda kuelekea alfajiri, mwili unapojiandaa kuamka na homoni za kuuchangamsha zinapoongezeka, na hupanda kwa kasi anapoinuka kitandani. Tafiti za miongo kadhaa zimeonyesha kwamba viharusi na mishtuko ya moyo hutokea zaidi saa za asubuhi kuliko nyakati nyingine. Wapo pia watu ambao presha yao haishuki usiku, hasa wenye ugonjwa wa figo, wenye kisukari, na wale wanaokoroma mpaka pumzi zinakatika usingizini. Hao wamo katika hatari kubwa zaidi hata kama namba yao ya mchana ni sawa na ya jirani. Sasa unganisha mambo mawili. Kwa anayemeza dawa asubuhi, saa ambazo kidonge cha jana kimebaki na nguvu kidogo kuliko zote ndizo saa ambazo presha inapanda. Dawa ikiwa na pengo, pengo hilo linaangukia mahali pabaya kabisa.

Je, dawa yako ina pengo? Inategemea ni ipi, kwa sababu zote huitwa vidonge vya presha lakini hazidumu sawa. Kaptoprili hufika kilele ndani ya muda wa saa moja hivi, na kiasi chake kwenye damu hupungua hadi nusu katika takriban saa mbili. Ndiyo sababu huandikwa mara mbili au tatu kwa siku, tena imezwe muda wa saa moja kabla ya chakula, maana chakula hupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Nifedipini ya kawaida nayo huja haraka na kuondoka haraka, na kwa sababu hiyo vikatengenezwa vidonge vinavyoachia dawa polepole, kama vile vya miligramu 20 ambavyo wengi huandikiwa asubuhi na jioni. Enalaprili hudumu zaidi, ila kwa baadhi ya watu haimalizi saa 24. Losartani yenyewe huondoka upesi, lakini ini huigeuza kuwa kemikali nyingine yenye nguvu zaidi, ambayo hupungua hadi nusu kwa saa 6 hadi 9. Kisha kuna amlodipini, ambayo kwa kudumu inazipita zote hizo: hufika kilele kati ya saa 6 na 12 baada ya kumezwa, na huchukua saa 30 hadi 50 kupungua hadi nusu tu.

Dawa za kupunguza maji zinahitaji maelezo yake, kwa sababu ndizo ambazo watu huzihisi zikifanya kazi, na hisia hiyo hupotosha. Hidroklorothiazidi huanza kukupeleka chooni ndani ya saa mbili, hufika kilele saa nne baada ya kumezwa, na mkojo hurudi kawaida baada ya saa 6 hadi 12. Wengi huona mkojo umetulia wakahitimisha kwamba dawa imekwisha. Sivyo. Baada ya wiki kadhaa za matumizi, sehemu kubwa ya kazi yake ni kulegeza mishipa ya damu, na kazi hiyo huendelea baada ya mkojo kutulia. Furosemidi ni jambo jingine. Huyatoa maji kwa nguvu ndani ya saa moja, na katika saa sita au nane imemaliza. Ni dawa muhimu kwa moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri na kwa figo zilizochoka, lakini kwa mtu mwenye presha peke yake, kidonge kimoja cha furosemidi asubuhi huacha sehemu kubwa ya siku na usiku mzima bila kinga. Kama hiyo ndiyo dawa yako pekee ya presha, muulize daktari sababu. Huenda ipo sababu nzuri, na una haki ya kuijua.

Hapa huja pingamizi ambalo linastahili jibu zito: "Mimi niliwahi kuacha dawa siku mbili, nikapima, presha ikawa ile ile. Kwa hiyo hizo saa zenu hazina maana." Kwa anayetumia amlodipini, alichokiona ni kweli. Fikiria simtanki lililo juu ya paa, linalojazwa kiasi kila asubuhi huku maji yakitumika kutwa nzima. Likishajaa vizuri, siku moja ya kutojazwa haikaushi bomba. Amlodipini huchukua siku 7 hadi 8 za kumeza bila kuruka mpaka kiasi chake kwenye damu kitulie, na huondoka kwa mwendo huo huo wa taratibu. Kwa hiyo siku ya pili bado unaishi kwa akiba. Baada ya wiki moja hivi akiba imeisha, presha imerudi ilikokuwa, na wewe huna habari kwa kuwa hakuna kinachouma. Mwenye kaptoprili hana hata akiba ya siku moja. Na anayetumia atenololi au propranololi akiacha ghafla anaweza kupata jambo baya zaidi: moyo uliokuwa umetulizwa huanza kwenda mbio, presha ikaruka, na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo anaweza kupata mshtuko wa moyo. Dawa hizo hupunguzwa kidogo kidogo, chini ya uangalizi wa daktari. Simtanki hilo hilo linaeleza kwa nini usihukumu dawa mpya siku ya tatu. Nguvu kamili huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, na daktari anapokupa tarehe ya mwezi ujao anaipa dawa nafasi ya kuonyesha uwezo wake.

Tazama sasa bahasha ndogo ya dawa unayopewa dirishani. Imeandikwa kwa kalamu 1×1, au 1×2, au 1×3, na pengine maneno "kutwa mara mbili". Maandishi hayo yanabeba saa ambazo hazikuandikwa. Kutwa mara mbili kwa dawa ya presha ni kila baada ya saa 12: saa 1 asubuhi na saa 1 usiku, kwa mfano. Lakini mtu anayeshinda kazini, anayetaka kumaliza habari za dawa kabla giza halijaingia, humeza saa 2 asubuhi na saa 8 mchana. Vidonge ni viwili, hesabu ya bahasha imetimia, na bado kutoka saa 8 mchana mpaka asubuhi ya pili kuna saa 18 ambazo kidonge kimoja kinachodumu nusu siku hakiwezi kuzibeba. Kutwa mara tatu ni ngumu zaidi, kwa sababu kila baada ya saa nane maana yake kimojawapo cha vidonge kinaangukia usiku wa manane au karibu na hapo. Ukiona huwezi kuzifuata saa hizo, usione haya kusema. Mwambie daktari au mfamasia waziwazi kwamba ratiba hii inakushinda, uulize kama ipo dawa ya mara moja kwa siku inayokufaa. Kusema hivyo ni bora mara kumi kuliko kunyamaza na kumeza unavyoweza, kwa sababu daktari asiyejua ataona namba mbaya akaongeza dozi ya dawa ambayo hata hiyo ya kwanza huimezi ipasavyo.

Kuhusu kumeza asubuhi au usiku, mjadala umekuwa mkali, na unahitaji kuangaliwa kwa ushahidi. Kwa kuwa presha hupanda alfajiri, wazo la kumeza dawa usiku lina mantiki. Mwaka 2019 utafiti wa Hispania uliohusisha watu zaidi ya 19,000 ulitangaza kwamba waliomeza dawa wakati wa kulala walipata viharusi, mishtuko ya moyo na vifo vya moyo pungufu kwa karibu nusu. Habari hiyo ilisambaa duniani na watu wengi wakahamisha dawa zao. Lakini wataalamu wengine walihoji jinsi utafiti huo ulivyofanywa, na faida yenyewe ilikuwa kubwa kupita kiasi cha kuaminika. Mwaka 2022 ukatoka utafiti wa Uingereza wa watu 21,104, waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitano, nusu wakimeza asubuhi na nusu jioni. Waliopatwa na kiharusi, mshtuko wa moyo au kifo cha moyo na mishipa walikuwa asilimia 3.4 kwa kundi la jioni na asilimia 3.7 kwa kundi la asubuhi, tofauti isiyo na uzito. Mwaka 2025 utafiti wa Kanada wa watu zaidi ya 3,300 nao haukuona tofauti. Kwa maoni yangu suala hili sasa limetulia: saa bora ni ile ambayo hutaisahau, na ambayo utaikuta siku ya kazi, siku ya mapumziko na siku ya msiba.

Utauliza, kama asubuhi na usiku ni sawa, je, hoja ya saa ya mwisho haijaanguka? Haijaanguka. Tafiti hizo hazikuonyesha kwamba dawa haina saa dhaifu. Zilionyesha kwamba, kwa watu waliokuwa wakimeza dawa kila siku, kusogeza saa ya kumeza peke yake hakuongezi kinga. Pengo la dawa fupi au la dozi iliyorukwa halizibwi kwa kuhamisha kidonge kutoka chai ya asubuhi kwenda chakula cha usiku. Linazibwa kwa dawa inayofika mwisho wa siku. Zipo sababu nyingine za kuchagua saa, na ni za kawaida kabisa. Dawa ya kupunguza maji ukiimeza usiku itakuamsha, na kwa mzee, kuinuka gizani kwenda chooni huku presha imeshuka ni njia ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Hiyo iwekwe asubuhi. Dawa inayokuletea kizunguzungu saa chache baada ya kuimeza huenda ikakufaa zaidi wakati wa kulala, ilimradi ukiamka ukae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama.

Kuna njia nyingine ya kuifikisha dawa mwisho wa siku, nayo watu wengi huiogopa: kuunganisha dawa mbili. Mgonjwa akiongezewa kidonge cha pili hudhani hali imeharibika. Ushahidi unasema vingine. Uchambuzi wa majaribio 354 uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba nusu ya dozi ya kawaida hushusha presha kwa takriban asilimia 80 ya kile kinachopatikana kwa dozi nzima, huku madhara ya dawa nyingi yakipungua. Kwa hiyo dawa mbili za dozi ndogo mara nyingi hufanya kazi vizuri kuliko moja iliyosukumwa mpaka mwisho. Kwa Waafrika ushahidi mzuri upo, tena uliopatikana hapa hapa: utafiti uliofanywa Kenya, Uganda, Msumbiji, Nigeria, Kameruni na Afrika Kusini, ukachapishwa mwaka 2019, ulifuata watu weusi 728 waliopewa dawa mbili mbili. Kinachonifanya niuthamini ni kwamba hawakuhukumiwa kwa namba moja ya kliniki. Walivalishwa mkononi mashine inayopima presha saa 24 mfululizo, mchana na usiku. Waliopewa amlodipini pamoja na hidroklorothiazidi, au amlodipini pamoja na perindoprili, walishuka zaidi kuliko waliopewa perindoprili na hidroklorothiazidi bila amlodipini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linapendelea dawa mbili zilizochanganywa katika kidonge kimoja, kwa sababu kidonge kimoja ni rahisi kukikumbuka.

Wachache wetu watavalishwa mashine ya saa 24. Lakini saa ya mwisho ya dawa unaweza kuipima mwenyewe kwa mashine ya kawaida ya mkono, ile ya kufunga juu ya kiwiko. Amka, nenda chooni, usinywe chai wala kahawa, usivute sigara, na usimeze kidonge kwanza. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda ukigusa ngozi wala si juu ya shati. Nyamaza dakika tano. Watu hupuuza kunyamaza, ilhali kuzungumza tu hupandisha namba. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, andika zote mbili pamoja na saa, kisha meza dawa. Rudia jioni. Fanya hivyo siku saba kabla ya siku ya kliniki, uache hesabu za siku ya kwanza, halafu utafute wastani. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi ni presha ya juu, hata kama kliniki walikuambia 130. Angalia pia ukubwa wa mkanda: mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko hali halisi, na wapo watu wanaongezewa dawa kwa kosa la mkanda.

Wengine watasema kupima kila mara kunaleta wasiwasi, na wasiwasi unapandisha presha. Ni kweli, na ndiyo maana nimesema siku saba, si kila siku ya maisha. Wiki ikiisha, mashine irudi kabatini. Wengine hawana mashine, na bei yake si ndogo. Kwao ipo njia ya bure: siku ya kliniki, beba kidonge chako mfukoni pamoja na maji, omba upimwe kabla ya kukimeza, mwambie muuguzi aandike "kabla ya dawa", kisha kimeze hapo hapo. Foleni ikivuka saa yako ya kawaida kwa zaidi ya saa mbili au tatu, usiendelee kungoja. Meza, na utaje saa uliyomeza. Usifanye kama wengi wafanyavyo, kukaa wiki tatu bila dawa na kuimeza kwa bidii siku nne za mwisho ili namba ipendeze. Daktari ataamini dawa inatosha, atakuandikia ile ile, na mishipa ya ubongo na figo itaendelea kuteseka wiki tatu kila mwezi. Kama uliruka kwa sababu ya fedha, au kwa sababu dawa imekuvimbisha miguu, imekuletea kikohozi kikavu au imekupunguzia nguvu za kiume, hilo ndilo la kusema ukifika. Yote hayo yanajulikana na mengi yana dawa mbadala. Mwanamke mwenye ujauzito au anayeutafuta aseme mapema zaidi, kwa kuwa losartani, kaptoprili na enalaprili zinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Ukisahau kidonge cha mara moja kwa siku na ukakumbuka siku hiyo hiyo, kimeze. Ukikumbuka karibu na saa ya kidonge kinachofuata, kiache kilichopita uendelee na ratiba. Usimeze viwili kwa pamoja kufidia. Na usikisage wala kukitafuna kidonge kilichotengenezwa kuachia dawa polepole. Dawa ya nusu siku itamwagika yote kwa mkupuo, presha ishuke kupita kiasi, kisha usiku ukose kinga.

Yapo pia mambo yanayoila nguvu ya dawa mchana kutwa bila mgonjwa kuyashuku. La kwanza kwangu ni dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hununuliwa duka lolote la dawa kwa mgongo na magoti, humfanya mtu abaki na chumvi na maji mwilini, hupandisha presha, na hupunguza nguvu ya karibu dawa zote za presha isipokuwa zile za jamii ya amlodipini, ambazo huathirika kidogo. Mtu anayetumia losartani pamoja na dawa ya kupunguza maji, kisha akaongeza diklofenaki kila siku, anaweza kuziumiza figo zake vibaya, na kisha lawama ikaangukia dawa ya presha. Wengi wanaosema "dawa za presha zinaharibu figo" wamesahau kutaja kidonge cha magoti; kwa upande mwingine, presha yenyewe isiyodhibitiwa ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya figo kufa. Kwa maumivu, parasetamoli kwa dozi sahihi ni salama zaidi kwako. Chumvi nayo: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, ukihesabu ya mchuzini, ya mezani na ya kwenye viungo vya paketi. Anayeanza dawa za kifua kikuu aseme anatumia nini kwa presha, maana rifampisini hulifanya ini liiondoe amlodipini au nifedipini haraka sana, na siku ya dawa ikafupika. Balungi hufanya kinyume kwa nifedipini: huiongeza kwenye damu.

Mwezi wa Ramadhani unaipanga siku upya, na kwa hilo ni vizuri kujiandaa wiki kadhaa kabla, si usiku wa kuamkia mfungo. Mwenye dawa ya mara moja kwa siku, na ambaye presha yake imetulia, kwa kawaida anaweza kufunga: aisogeze dawa kwenye futari au daku, na akishachagua asibadilishe badilishe. Mwenye dawa ya kutwa mara mbili atazame saa. Kwenye pwani yetu kuna takriban saa 13 kutoka daku hadi futari, kwa hiyo kumeza futari na daku kunaacha mgawanyo unaokaribia saa 12. Kaptoprili ya kutwa mara tatu haiwezekani, na anayeitumia aende akabadilishiwe mapema. Dawa ya kupunguza maji ikimezwa daku, kisha mtu akashinda juani bila kunywa, inaweza kumkausha na kumwangusha. Mara nyingi hufaa zaidi baada ya futari, tena mapema ili usingizi usikatike. Mwenye figo zilizochoka au moyo ulioshindwa asifunge bila kauli ya daktari anayemjua.

Limebaki swali la jioni: umepima saa 2 usiku, umeona 158 kwa 95, na kidonge cha kesho kipo mezani. Usikimeze. Kaa, nyamaza dakika tano, pima tena, andika. Namba moja ya jioni ya siku yenye foleni na kelele haijathibitisha kwamba dawa imeshindwa. Jioni tano za wiki moja zikifanana, hiyo ni habari ya kupeleka kliniki. Ukiona 180 kwa 120 au zaidi mara mbili huku hujisikii vibaya, usipewe nifedipini ya kuweka chini ya ulimi ili ishuke haraka. Kuishusha presha ghafla namna hiyo kumewahi kuwanyima damu ubongo na moyo na kuleta kiharusi kile kile kilichokuwa kinaogopwa. Meza dawa yako uliyoisahau kama uliisahau, na umwone daktari siku hiyo au kesho yake. Lakini ikiwa namba hiyo imekuja na mdomo kwenda upande, mkono au mguu kukosa nguvu, maneno kutotoka, maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, kuona ukungu ghafla, au kichwa kuuma kuliko kilivyowahi kuuma, usisubiri namba nyingine. Tafuta usafiri uende hospitali, uchukue bahasha zako zote za dawa, na umwambie atakayekupokea saa uliyomeza kidonge cha mwisho na saa dalili zilipoanza.